Mwangwi Uliotangulia

Mama hakuniletea zile kaseti, alizisindikiza. Zilikuwa kumi na moja ndani ya kopo la biskuti, na kopo kalipakata mwenyewe. Alipofika kazini kwangu akavuta kiti hadi ubavuni pangu, akaketi kama msimamizi wa mtihani.

"Mama, hii ni kazi ya siku tatu. Niachie, nitakupigia simu."

"Nikuachie wewe? Uliyepoteza sweta tatu kwa mwaka mmoja?"

Sweta hizo nilizipoteza bwenini, miaka arobaini iliyopita. Mama hasahau kosa, ili mradi si lake.

Kazi yangu ni kusafisha sauti: matangazo ya redio, hotuba za harusi, chochote kilichorekodiwa na mtu asiyejua kurekodi. Kachumba kangu kana magodoro ukutani ili sauti isirukeruke. Mama aliyabonyeza moja baada ya jingine, akaguna.

"Magodoro mazima unayapigilia misumari, na kuna watu wanalala chini."

Nikaweka kaseti ya kwanza.

Nilipelekwa shule ya bweni nikiwa na miaka kumi na mmoja. Badala ya barua, nyumbani walinitumia kaseti, nami kila likizo nikazirudisha. Baba, ambaye alikuwa mwashi, ndiye aliyezungumza, na walirekodi kwenye sebule ya nyumba yetu mpya kabla haijaingia hata kiti. Sakafu ya saruji, kuta tupu. Kila neno lake liligonga ukuta likarudi. Sasa Mama alitaka mwangwi utoke wote, kwa sababu Jumamosi wadogo zangu wangekuja kumsikiliza marehemu baba yao, na yeye hakutaka asikike kama mtu aliyetumbukia kisimani.

Niseme ukweli, kazi hii sikuitaka. Mwaka ule wa kwanza niliandika: Baba, hapa siwezi, naomba nirudi nyumbani. Jibu lilikuja kwa sauti yake: "Vumilia, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu." Nikavumilia miaka sita, na hizo mbivu sikuziona. Baba amekufa sijamuuliza kwa nini alinikatalia, na sijamsamehe.

Niliondoa mwangwi. Mama akainamisha kichwa. "Bado upo."

Nikaondoa tena. "Bado."

Nikakaza programu mpaka Baba akawa anaongea kama kajifunika blanketi. "Sasa umemtia mafua," alisema Mama, "na mwangwi wenyewe uko palepale."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Mwangwi wa kuta ulikwisha, lakini kulibaki kitu kingine, chembamba, na kadiri nilivyosafisha ndivyo kilivyozidi kusikika. Nikatazama mawimbi kwenye kioo cha kompyuta. Mwangwi hufuata sauti, haijapata kutokea vinginevyo. Huu ulikuwa unaitangulia.

Nikapandisha sauti. Mtu alinong'ona: "Sisi hapa hatujambo." Ndipo Baba akasema kwa nguvu: "Sisi hapa hatujambo." Mnong'ono: "Mvua zimeanza. Nukta." Na Baba, mtu mtiifu: "Mvua zimeanza nukta."

Niligeuka. Mama alikuwa anatazama godoro.

"Huu si mwangwi, Mama. Ni wewe."

"Ndiyo maana nimesema uutoe."

Mama alifundisha darasa la tatu miaka thelathini. "Ulikuwa unampa Baba imla?"

"Baba yako alikuwa anajenga nyumba kuanzia msingi mpaka paa, lakini ukimwekea rekoda mbele anakuwa bubu. Nikutumie kaseti tupu? Nilimsaidia."

"Na ile ya kuvumilia?"

"Ilikuwa sawa. Si umekuwa mtu?"

Nikaanza kupekua kopo, naye akaweka mkono juu yake. "Hizo nyingine ziache, zimeliwa na unyevu." Hapo ndipo alipojichongea. Nikautoa mkono wake, na sikuutoa kwa adabu. Chini kabisa kulikuwa na kaseti isiyoandikwa kitu. Nikaiweka.

Mnong'ono: "Barua yako tumeipata." Baba: "Barua yako tumeipata." Mnong'ono: "Vumilia, mwanangu."

Kimya.

"Vumilia, mwanangu," ulirudia mnong'ono, kwa ukali wa mwalimu.

Kisha Baba peke yake, bila wa kumtangulia, akitafuta maneno kama mtu anayepapasa gizani: "Mwanangu. Kama huwezi... basi. Nitakuja kukuchukua. Hata Jumanne. Jumanne sina kazi."

Halafu sauti ya Mama, ya wazi kabisa: "Si hivyo!" Na rekoda ikazimwa.

Kaseti hiyo sikuwahi kuisikia. Sikutumiwa.

"Tulirekodi nyingine," alisema Mama. "Hilo 'vumilia' ilinibidi nimtajie mara nne ndipo akalisema."

"Mama, nimemchukia miaka arobaini."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

"Na yeye alijua?"

"Alijua. Kila ulipokuja likizo ukampita mlangoni bila salamu, usiku aliniuliza akwambie nini." Alifungua kopo, akalifunga. "Sikumpa la kusema. Ningempa lipi, nami ndiye niliyekosea?"

Nilimwambia atoke nje. Nilimwambia tena, kwa sauti ambayo hata yale magodoro hayakuweza kuimeza. Hakunyanyuka. Alikaa pale, mikono juu ya kopo, mzee wa miaka themanini na mbili asiyejua kuomba msamaha.

"Irudishe nyuma kidogo," alisema. "Pale anaposema mwenyewe."

Kwa hasira, nikairudisha.