Wastani wa Hofu Ng'ambo ya Reli

Duru ya pili ya utafiti ilifanyika Jumanne, katika darasa la nasari la kanisa, ng'ambo ya reli nje kidogo ya Voi. Rachel alipanga viti viwili, akaweka kreti ya soda kivulini na orodha ya majina ishirini mezani. Alikuwa amehitimu saikolojia mwaka uliotangulia, na aliamini kwamba swali likiulizwa kwa upole na jibu likiandikwa kwa uaminifu, kuna mtu mahali fulani atakayelifanyia kazi.

Hojaji ilikuwa na maswali kumi kuhusu hofu ya ndovu katika wiki mbili zilizopita. Kila jibu lilipewa alama, kuanzia sifuri hadi tatu. Mwezi wa pili, kabla mradi haujafunga taa za kufukuza ndovu mashambani, wastani ulikuwa ishirini na nne. Sasa ukishuka chini ya ishirini na mbili, mradi ungetangaza kwamba taa zinatosha. Usiposhuka, ungejenga ua wa umeme. Kila mtu alilijua hilo, kwa hivyo foleni ilianza mapema.

Wanne kati ya wale ishirini walikuwa wamefariki tangu duru ya kwanza. Watatu waliuawa na ndovu, na mmoja alishikwa na presha ndovu alipobomoa jiko lake. Wote wanne walikuja. Kituku alifika saa nne kasoro robo, amevaa suti ya kijivu aliyozikwa nayo, akasimama nyuma ya mkewe, Mbinya.

"Kituku, kwani huko hakuna soda?" jirani yao Munyoki alimuuliza.

"Nilitia kidole kwenye fomu kwamba nitahojiwa mara mbili. Nimehojiwa mara moja."

Mbinya hakugeuka. Alikuwa akizichunguza karatasi za Rachel.

"Msichana, majina yetu unayapeleka wapi?"

"Ofisini, Mama Koki. Kwenye ripoti mtakuwa nambari tu."

"Hata zile taa tuliambiwa ni taa tu."

Ndovu walikuwa wamezizoea taa ndani ya miezi mitatu, na siku hizi walizitumia kuonea mahindi. Kituku alikanyagwa chini ya mojawapo, ikimmulika.

Mbinya alipata alama ishirini na nane. Kituku akaketi.

"Katika wiki mbili zilizopita, umeamka mara ngapi kwa kelele za ndovu?"

"Sijaamka."

"Umewahi kuogopa kwenda shambani?"

"Niko shambani. Wanapita juu yangu kila siku, sina neno nao."

"Baba Koki, sema unaogopa," Mbinya alisema kutoka mlangoni. "Tupate fensi."

"Nitasemaje, na siogopi?"

"Ulipokuwa hai ulinidanganya kuhusu mbuzi wangu. Leo ndio umeokoka?"

Kituku aliitazama mikono yake. "Nimejaribu tangu asubuhi, Mama Koki. Huku uongo hautoki."

Rachel aliishikilia kalamu juu ya tatu kwa muda mrefu. Kisha akaandika sifuri.

Msimamizi wake, Daktari Maxwell, alizishuku zile fomu nne za sifuri tupu mara tu alipoziona. Aliwahi kuwa na wasaidizi waliojaza hojaji wakiwa wamekaa hotelini.

"Hawa uliwatoa wapi?"

"Walikuja wenyewe, daktari. Lakini wamekufa."

"Hilo nimeliona. Nauliza kama walihojiwa."

Akazilinganisha alama za vidole na zile za mwezi wa pili, moja baada ya nyingine, kwa miwani. Zilifanana.

"Basi ni halali."

"Tuwatoe," Rachel alisema. "Wale kumi na sita walio hai wastani wao ni ishirini na tano. Hofu imepanda."

"Hao kumi na sita wanataka ua. Wana sababu ya kutia chumvi, nami siwaamini. Hawa wanne hawana cha kupata." Akamtazama kwa makini. "Au wewe unataka kumtoa mtu kwa sababu jibu lake halikupendezi? Ndivyo mlivyofundishwa?"

Sivyo walivyofundishwa. Jumla ilikuwa alama mia nne. Kwa watu ishirini, wastani ukawa ishirini kamili. Ripoti ilitangaza kwamba taa zinatosha, ikaongeza kwamba hakuna mhojiwa hata mmoja aliyepotea kati ya duru mbili, jambo adimu katika tafiti za aina hii.

Rachel alirudi kuwasomea matokeo, kwa kuwa aliahidi. Alimkuta Mbinya akifunga debe tupu kwenye kamba, la kugongwa ndovu wakija.

"Kwa hivyo wengine wakifa, hofu itapungua zaidi," Mbinya alisema.

"Kwa hesabu hiyo, ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyeandika sifuri."

"Ndivyo alivyojibu, Mama."

"Najua. Nilikuwa mlangoni." Akakaza fundo kwa meno. "Duru ya tatu ni lini?"

"Mwezi wa pili, mwakani."

"Niandike. Nitakuja, vyovyote nitakavyokuwa."

Rachel akaliandika jina lake. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja, na ndovu wa kwanza walikuwa wameanza kuvuka reli. Mbinya akachukua debe lake akaenda shambani.