Mrija wa Kitanda cha Nane

Maneno yalisema mirija ya mkojo ya siku hizi inayeyuka yenyewe. Unawekewa, unakaa nayo wiki chache, kisha inaisha mwilini kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa ndani ya beseni, na wala hutajua iliishia lini. Mama Mito aliyasikia bombani, akayasikia tena kwa msusi, na kila alipoyasikia moyo ulitulia kidogo. Neno tamu halina haja ya miguu, watu hulibeba wenyewe.

Waliomwita Mama Mito walimwita hivyo kwa kazi yake. Alishona mito ya kulalia, akaijaza vipande vya vitambaa vilivyotupwa na kiwanda cha nguo. Bintiye alifanya kazi kwenye kiwanda hichohicho, meza ya pasi, anapiga pasi kola za mashati tangu asubuhi mpaka jioni. Wenzake wakampa jina la Kola, na hata mama yake akalizoea.

Miezi minne nyuma Kola alizibwa njia ya mkojo. Kijiwe kilitoka kwenye figo ya kushoto kikakwama njiani, figo ikavimba, msichana akawa anaviringika sakafuni kama anayetafuta kitu chini ya kitanda. Hospitali wakamwekea mrija mwembamba kuliko kamba ya kiatu, kichwa kimoja kwenye figo, kingine kwenye kibofu, mkojo upate pa kupita.

Kesho yake daktari alipita wodini na wanafunzi wake. Akasimama kwa mwanamke wa kitanda cha saba, akamweleza taratibu kwamba mrija wake ni wa kuyeyuka na hana haja ya kurudi kuutoa. Alipofika cha nane, kwa Kola, alisoma karatasi, akatikisa kichwa, akapita. Mwanamke wa kitanda cha saba ndiye aliyegeuka, mcheshi yule, akasema, "Umesikia, mdogo wangu? Si tumeingia kule upasuaji siku moja? Basi na wako ni huohuo. Tumemaliza, mimi na wewe."

Na mama alikuwepo. Alisikia, akashukuru, akafunga mizigo.

Juzi ndipo muuza mkaa alipokuja na maneno mengine. Alishusha gunia mlangoni, akauliza hali ya mgonjwa, Mama Mito akamjibu kuwa mrija si tatizo tena, umeshayeyuka.

"Nani kakwambia?" aliuliza muuza mkaa. "Kaka yangu alikaa na wake miaka miwili. Walipokuja kuutoa ulikuwa umeota mawe, mama, kama chini ya birika la chai. Figo moja wameitoa."

"Huo ulikuwa wa zamani."

"Wa zamani au wa leo, sijui. Ninachojua kaka yangu ana figo moja."

Tangu hapo Mama Mito hakupata raha. Sindano ilimchoma mara tatu kwenye mto mmoja. Na Jumatano asubuhi Kola alitoka bafuni ameshika ukuta. Maji kwenye ndoo yalikuwa mekundu.

"Ni kawaida, mama. Nachelewa," alisema Kola, akaenda kazini.

Mama akaimwaga ndoo. Kisha akachukua kadi ya hospitali, daftari na kalamu, akafunga mlango, akamfuata kiwandani.

Msimamizi wa meza za pasi walimwita Saa, kwa sababu aliitazama saa yake kuliko alivyowatazama watu. Mezani kwake palikuwa na msumari, na kwenye msumari kilining'inia kibao cha mbao. Anayekwenda chooni anakichukua, anarudi nacho. Kibao kimoja, wasichana arobaini. Ukikichukua mara ya tatu siku hiyo, unaulizwa mbele ya watu kama umekuja kazini au kukojoa. Kwa hiyo wasichana walijifunza kutokunywa maji, kwenye mvuke ule wa pasi, zamu nzima. Mama Mito alikuwa akilijua jambo hilo siku zote, lakini siku hiyo ndipo alipokiona kibao chenyewe kwa macho yake.

"Mama, mtoto wako yuko kazini," alisema Saa. "Mzigo unaondoka leo."

"Na yeye anakojoa damu leo."

Saa akatazama pembeni. "Mambo ya kike hayo. Mtaongea nyumbani."

"Si ya kike. Ni figo. Hata wewe unazo, tena mbili. Nipe mwanangu nimpeleke hospitali."

Kicheko kikapita kwenye meza za pasi. Saa akainua mkono kukizima, kisha akaitazama saa yake.

"Nusu siku. Saa saba asipokuwa hapa, meza yake inapata mtu."

Njiani Kola alitembea mkono mmoja kiunoni, amenuna.

"Umeniaibisha, mama. Watanicheka mwezi mzima."

"Aibu haitoi mrija. Tembea."

Dirisha la kumbukumbu lilikuwa na foleni ya kuzunguka kona. Walipofika, karani alikuwa ameiweka miwani juu ya paji la uso. Alipekua rafu moja, ya pili hakuigusa.

"Faili halionekani. Shida ni nini?"

"Mwanangu aliwekewa mrija wa njia ya mkojo. Nataka kujua ni wa aina gani na unatolewa lini."

"Aa, ile mirija mipya? Inayeyuka hiyo. Nendeni nyumbani mkapumzike."

"Una hakika?"

"Mama, huu mwaka wangu wa kumi na moja hapa dirishani."

Mama Mito akalifungua daftari, akalisukuma chini ya kioo, na kalamu juu yake.

"Basi niandikie. 'Mrija wa binti huyu ni wa kuyeyuka.' Halafu jina lako na sahihi."

Karani akaiangalia kalamu kama kijiko kilichotoka motoni.

"Mimi si daktari, mama."

"Sasa hivi ulipotuambia twende nyumbani ulikuwa nani?"

Foleni ikacheka. Karani akalirudisha daftari. "Nendeni kliniki. Atakayefuata!"

Kliniki, muuguzi kijana alimsikiliza akiwa anapanga chupa za mkojo. Naye akasema amesikia inayeyuka. Naye akaombwa aandike. Akasema haruhusiwi. Hata mlinzi wa mlango, aliyekuwa amekaa tu, akatoa maoni yake kwamba shemeji yake alikuwa nao na uliyeyuka.

"Wewe kuandika unajua?" Mama Mito akamuuliza.

"Najua vizuri sana."

"Shika kalamu."

"Mama, mimi nina watoto wanaonitegemea."

Kola, pamoja na maumivu yake, alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini mama hakucheka. Saa tano ilikuwa imefika na kwenye ukurasa wake palikuwa na tarehe tu. Watu wote walikuwa na la kusema na hakuna hata mmoja aliyekubali kuliandika, na hapo ndipo hofu ilipomwingia kweli. Akajiambia, kama kuna mahali palipoandikwa, ni pale mrija ulipowekwa.

Akamshika Kola mkono, wakaenda mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Wakasimama. Wakaambiwa wakae, wakasimama. Mwisho akatoka sista mmoja mtu mzima, amevaa buti za mpira, anajifuta mikono.

"Dada yangu," Mama Mito alisema, "sitaki dawa wala sitaki kuonana na mkubwa. Nataka kusoma mlichoandika siku mliyomwekea mwanangu mrija."

Sista akamtazama Kola usoni, kisha akaitazama kadi. Hakuuliza zaidi. Alirudi na daftari kubwa lenye jalada gumu, akalilaza kwenye kitanda cha magurudumu kilichokuwa kitupu.

"Kila mrija unakuja na kibandiko ndani ya pakiti yake. Tunakibandika hapa, mbele ya jina la mgonjwa. Tarehe ngapi?"

Mama akaitaja. Kidole cha sista kikashuka.

"Huyu wa kitanda cha saba, kibandiko cha kijani. Wa majaribio, unayeyuka. Walipewa watu wachache sana hapa. Na huyu wa nane…" Kidole kikasimama. Kibandiko kilikuwa cheupe. Chini yake mtu ameandika kwa wino wa bluu: *Plastiki. Utolewe kabla ya miezi mitatu.*

Kati ya kurasa hizo palikuwa na karatasi ndogo, imekunjwa mara moja. Sista akaifungua. Ilikuwa na jina la Kola na tarehe ya kurudi. Ndiyo karatasi aliyopaswa kupewa siku aliyoruhusiwa kwenda nyumbani.

"Ina maana bado umo ndani?" Kola aliuliza.

"Umo, mwanangu," alisema sista. Akatazama ukutani kwenye kalenda, akahesabu kimoyomoyo. "Miezi minne na siku tisa."

"Leo si Jumatano?" akasema Mama Mito. "Nimesoma pale mlangoni, Jumatano ni siku ya kutoa mirija."

"Ni leo. Lakini orodha imefungwa tangu saa mbili."

"Iliyofungwa na mtu hufunguliwa na mtu. Sisi tupo."

Wakakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango ambao daktari lazima autumie. Alipotoka ilibidi aviruke viatu vyao. Ni yuleyule wa siku ile. Sista akamwonyesha daftari. Daktari akasoma, akasoma tena.

"Mbona hamkurudi kwa wakati? Nani aliwaambia msirudi?"

"Wewe, daktari."

"Mimi? Mimi nilikuwa naongea na kitanda cha saba."

"Pazia hakuna. Tulikuwa tunasikia wote, vitanda kumi na viwili. Huyu wa nane hukumwambia kitu, akachukua cha jirani yake." Sauti ya Mama Mito haikupanda. "Ungesema naye neno moja tu."

Daktari akalifunga daftari. Kisha akamwambia sista amwandae Kola, awe wa mwisho.

Walimwingiza mchana. Kamera nyembamba ilipitishwa njia ya mkojo mpaka kibofuni, na baada ya muda mama akaitwa mlangoni aone kwenye kioo cha kamera. Ncha ya mrija ilikuwa pale, imejikunja kama mkia wa panya, imeota magamba meupe juu hadi chini. Daktari aliivuta kidogo sana. Kola akapiga kelele. Daktari akaacha.

"Umeshikwa na mawe, na juu huko kwenye figo itakuwa hivyohivyo. Nikilazimisha nitamchana. Lazima mawe yavunjwe kwanza kwa mashine, ndipo utoke."

"Na figo?"

"Imevimba. Bado inafanya kazi, lakini haiwezi kungoja."

"Mashine iko wapi?"

"Ipo. Foleni yake ni wiki tano."

"Umesema haiwezi kungoja. Au nimesikia ya kitanda kingine?"

Sista akainamisha kichwa akakaza midomo. Daktari alikaa akivua glavu, kidole kimoja kimoja. Mama Mito akamfungulia daftari kwenye ukurasa ule wenye tarehe tu.

"Andika moja kati ya mawili. Andika kwamba anaweza kungoja wiki tano, utie sahihi. Au andika siku ambayo haitampotezea figo."

Daktari alichukua kalamu. Aliandika Jumatano ijayo, namba moja, kwa herufi kubwa, jina lake na sahihi. Akaandika vilevile kwenye kadi. Ndiyo mistari pekee aliyoipata Mama Mito siku nzima, na aliisoma mpaka mwisho kabla ya kusema asante.

Walipotoka ilikuwa saa tisa kasoro. Simu ya Kola ilikuwa na ujumbe wa msichana wa meza ya jirani: *Shoga pole. Saa kaleta mtu mpya, kakaa kwenye pasi yako saa saba na dakika moja.*

Kola akakaa kwenye ngazi za hospitali, akalia bila sauti.

"Miaka mitatu, mama. Hata siku moja sijachelewa."

"Najua."

"Na Jumatano sijui kama wataniponya."

"Hata mimi sijui," alisema mama, akamfuta uso kwa khanga. "Lakini meza za pasi ziko nyingi mjini. Figo ya kushoto unayo moja. Kunywa maji."

Kisha akamwacha hapo, akapanda wodi ya wanawake. Kitanda cha nane kilikuwa na mwanamke mwingine, amewekewa mrija jana, anatabasamu. "Wanasema unayeyuka wenyewe," alimwambia Mama Mito kabla hata hajaulizwa.

Mama Mito akakaa pembeni ya kitanda, akachana ukurasa, akaandika polepole. Alipomaliza akaubandika ukutani kati ya vitanda viwili, chini, mahali mtu anaweza kusoma akiwa amelala.

"Mama, hairuhusiwi kubandika karatasi humu," muuguzi wa zamu akasema.

"Bandikeni ya kwenu, nami nitakuja kuibandua hii."

Muuguzi akasogea kuitoa. Akaanza kuisoma. Akasoma mpaka chini, akaiacha. Ilikuwa hivi:

WENYE MIRIJA YA MKOJO

Usichukue maneno ya mgonjwa mwenzako ukayafanya yako, hata kama mmelala wodi moja na mmepasuliwa siku moja.

Usiamini kwamba mrija wako unayeyuka mpaka uone imeandikwa, jina lako na aina ya mrija. Ipo inayoyeyuka. Mingi si hivyo.

Usitoke hospitali bila tarehe ya kuutoa, kwa mwandiko unaosomeka.

Usiende nyumbani kwa neno la mtu anayeogopa kulitia sahihi.

Usiache kunywa maji kwa kuogopa msimamizi. Usibane mkojo kwa ajili ya mashati ya watu.

Usione damu ukasema ni kawaida.

Usimwache daktari apite kitandani kwako bila kusema na wewe.