Breki ya Mwalimu

Tangu mashine ile iletwe kwenye chuo cha udereva, Mwalimu Breki hakuwa na raha. Ilikuwa kiti cha gari, usukani, pedali tatu na skrini pana inayoonyesha barabara, na ilikaa chumba cha mbele, palepale alipokuwa akifundishia alama za barabarani. Yeye na ubao wake wakahamishiwa chumba cha nyuma, jirani na choo.

Kilichomkera zaidi ni yule aliyepewa kuisimamia: mkwe wake mwenyewe, mume wa binti yake wa pekee, kijana aliyesomea ualimu, ambaye mwenye chuo alimwajiri bila hata kumdokeza mzee.

"Ameoa kwangu, sasa anaitaka na kazi yangu," alimwambia binti yake.

Binti akacheka. Mzee akaona hata kicheko kile kina namna.

Halafu yakaja matokeo. Kila aliyekaa kwenye mashine alitoka na alama za juu, hasa nesi mmoja, mama wa makamo aliyekuja na sare yake ya kazi. Huyo hakukosa hata alama moja. Mwalimu Breki alikuwa akifundisha udereva tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hajawahi kumwona mwanafunzi asiyekosea. Akasema moyoni: hapa pana mchezo. Mashine imepangwa ipitishe kila mtu, mwenye chuo afurahi, kisha mimi nionyeshwe mlango.

Mchana mmoja mkwe alipokwenda kula, mzee akajifungia na mashine. Akaiendesha kama anavyoendesha mjini, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine dirishani ingawa dirisha halikuwepo. Skrini ikampa arobaini kwa mia. Eti arobaini! Alitoka jasho likimtiririka, na shaka ikazidi: kumbe mashine inawajua wa kuwapa na wa kuwanyima.

Akaamua kuiumbua. Aliomba apewe nesi, kwa gari la kweli, na akajiapiza kwamba safari hii hatafungua mdomo.

Walitoka vizuri. Nesi alibadilisha gia bila kuikwaruza, akawasha indiketa panapotakiwa. Nyuma ya soko, mwanamume mwenye mkokoteni wa mbao akaanza kuvuka. Nesi alikuwa akimtazama. Mwalimu aliona kabisa kwamba anamtazama. Gari likaendelea tu kwenda. Mwalimu akangoja, akangoja, mpaka akaikanyaga breki ya upande wake kwa nguvu zote. Gari likasimama kwa kishindo, na mwenye mkokoteni akawatolea maneno yasiyofaa kusimuliwa.

"Hukumwona?"

"Nilimwona." "Nilikuwa nangoja ilie."

"Ilie nini?"

"Mashine. Kukiwa na hatari inalia pii, nakanyaga, napata nyota."

Mwalimu Breki alirudi chuoni kifua mbele. "Mkwe wangu, umemfundisha mama wa watu kusikiliza pii! Huko barabarani nani atampigia?"

Alitegemea ubishi. Kijana akavuta kiti, akakaa.

"Ni kweli, baba. Wako wataalamu wanaosema mtu hujifunza kwa ishara na zawadi, na mashine imetengenezwa hivyo. Ishara inakuja, anakanyaga, anapata nyota. Lakini basi anaishika ishara, barabara haishiki. Nilitakiwa niipunguze kidogo kidogo mpaka abaki na macho yake." Akashusha sauti, "Nikuombe jambo, baba. Mchukue mwanafunzi wako ambaye hajawahi kuigusa mashine. Mimi nitakaa nyuma. Na wewe usiseme neno."

Mzee akamtazama kwa jicho la pembeni. Huyu anatafuta nini? Lakini kukataa kungeonekana woga.

Wakamchukua fundi viatu, ambaye mzee alimfundisha mwenyewe tangu siku ya kwanza. Mbele yao basi likasimama kushusha abiria. Fundi akaliendea moja kwa moja, ametulia kama yuko kwenye kigoda chake. Mzee akauma midomo. Kisha mguu wake ukakanyaga.

"Mwalimu!" fundi alilalamika. "Mbona leo hukupiga kelele? Siku zote unasema 'Breki!' ndipo nakanyaga."

Kwenye kiti cha nyuma mkwe akageukia dirisha. Hilo ndilo lililomuudhi mzee. Walipofika alimvuta fundi pembeni.

"Nani kakutuma?"

"Kunituma wapi?"

"Yule kijana amekupa nini useme vile?"

Fundi alimkazia macho kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mwalimu, hata jina lake silijui."

Mzee akaenda kukaa peke yake mbele ya ubao. Mji mzima ulimwita Breki, naye siku zote aliliona jina hilo ni sifa. Akakaa mpaka hasira ikapoa, ikabaki aibu. Ndipo akaenda chumba cha mbele, akauliza bila kumtazama mkwe usoni, "Hiyo pii inapunguzwaje?"

Mkwe akaififisha sauti, halafu akaizima, na nyota akaziondoa. Mwanafunzi akatakiwa aseme anachokiona na anachodhani kitafuata. Kwa mzee kazi ilikuwa ngumu zaidi. Alikuwa akianza "Bre—", analimeza, kisha anauliza kwa shida, "Unaona nini pale? Unadhani atafanyaje?"

Alama za nesi zikaporomoka, akanuna. Mwenye chuo akawaita wote wawili, akauliza nani ameiharibu mashine yake.

"Haijaharibika," alisema Mwalimu Breki kabla mkwe hajafungua mdomo. "Ilikuwa inatudanganya. Sasa inasema ukweli." Mwenyewe akajishangaa.

Siku ya mtihani wa trafiki, fundi viatu alianguka kwenye kurudisha gari nyuma, akaambiwa ajaribu tena. Nesi alirudi chuoni akitembea haraka, sare imelowa mgongoni.

"Nilisimama katikati ya mtaa," alisema. "Trafiki akafoka, nasimama nini wakati hakuna mtu. Nikamwambia kuna mpira umetoka getini, na anayeucheza ataufuata."

"Ikawaje?" mzee na mkwe waliuliza kwa pamoja.

"Sijamaliza kusema, mtoto huyo, mbio!"