Samaki Asiye na Kichwa

Nabwire alikuwa amesema wazi: samaki wake watolewe magamba na matumbo tu. Lakini mashine ilikuwa ikinguruma, na Shikanga, anayeiendesha pale kwenye chama cha wafugaji wa samaki, akaitikia kama mtu aliyesikia.

Ngege wakazungushwa ndani ya pipa, wakatoka laini bila gamba, wakapanda ukanda kuelekea kwenye kisu. Twa! Kichwa cha kwanza kikaangukia ndooni.

"Shikanga! Zima!" Nabwire akapiga ukemi.

Shikanga akabonyeza kitufe chekundu. Kisu kikasimama juu ya shingo ya wa pili.

"Kukhu," Shikanga akamwita kama bibi yake, "wenye hoteli wanatakanga hivi."

"Mimi ni hoteli? Leo wakwe wa mjukuu wangu Shantel wanakuja. Samaki wa kukatwa kichwa ni samaki aliyeoza. Muuzaji hataki uone macho. Watasema tunawaficha kitu, hata kuhusu Shantel mwenyewe!"

Akafika nyumbani, akawakaanga wote. Yule asiye na kichwa akamfunika kwa sahani jikoni, kama mtoto aliyekojoa kitandani wageni wakiwa mlangoni.

Mzee Kiprono, baba wa bwana harusi, alitoka Kapsabet na mkewe Jepkemboi. Obusuma, ugali wa kwao Nabwire, ukatengwa, na samaki vinywa wazi. Mzee akanawa, akamega, akala mboga. Akamega tena, mboga tena. Samaki hakuguswa.

Nabwire akamsogezea sahani ya samaki. Kwao, mgeni akiacha chakula cha heshima, ana neno. Shantel naye alikuwa ameinamisha uso, hamezi.

Jepkemboi akacheka. "Mama, msamehe huyu. Sisi tulikuzwa na maziwa ya mursik, samaki tumewajua juzi tu. Ni hayo macho yanamshinda."

"Ananiangalia kama chifu," mzee akanung'unika. "Hakuna mwenye hana kichwa?"

Nabwire alikimbia jikoni leso ikimponyoka kiunoni. Mzee akamla yule samaki mpaka ukabaki mwiba mtupu, akalamba vidole.

"Huyu sasa ndiye samaki! Nani alimkata vizuri hivi?"

"Tulimtengeneza kwa ajili yako, mzee," Nabwire akajibu, macho makavu. Shantel akaziba mdomo kwa kitambaa.

"Basi siku tukirudi na ng'ombe wa mahari, mtukatie wote hivyo."

Nabwire akavuta pumzi mpaka chini kabisa. "Njooni tu," akasema. "Shikanga yupo."