Mwiko wa Bi Casilda

Katika nyumba ya Bi Casilda Colmenares, pale Barinitas, mji mdogo wa Venezuela, mwiko ulizunguka kwenda kulia. Hilo halikuwa jambo la kujadiliwa. Papai bichi linachemka na sukari guru, nazi inakauka sufuriani, maziwa yanageuka kahawia, vyote kulia, kulia, kulia mpaka viive. Ukigeuza mwiko kwenda kushoto hata mara moja, sukari inaganda na kuwa mchanga, na aibu itakufuata mpaka kaburini. Ushahidi ulikuwepo. Shangazi yao mmoja aliwahi kugeuza mwiko siku ya ubatizo, wageni wakatafuna kashata kama wanaotafuna kokoto, na ingawa shangazi huyo alikwisha kufa zamani na kuzikwa kwa heshima zote, Bi Casilda bado hajamsamehe.

Nereida, binti yake, alianza kukoroga akiwa amesimama juu ya kigoda kwa kuwa sufuria ilimpita kimo. Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa, kigoda hakihitajiki tena, na mkono wake ulikuwa bado unazunguka kulia hata akikoroga kahawa ya mgeni.

Mwaka uliopita Bi Casilda alipata kiharusi. Mdomo ulimrudia upesi, tena kwa nguvu mpya, lakini mkono wa kulia ukalala. Akautia katika mfuko wa aproni na ukabaki humo, kanisani, sokoni, hata mbele ya daktari. Aliyeuliza habari za mkono aliulizwa habari za mumewe. Jikoni akahamia kwenye kiti, akawa anaamuru tu. Ila ikifika ile dakika papai linapoanza kung'aa na shira kuwa nzito, alikuwa akisema, "Nereida, karafuu zimekwisha. Nenda dukani." Nereida akitoka, mlango unafungwa kwa ndani. Akirudi, sufuria imekwisha kuipuliwa na mama yuko kitini anapangusa jasho.

Nereida alijua maana yake, au alidhani anajua. Mama hataki nione mwisho. Siri ya shira anataka kufa nayo. Na karafuu zenyewe hazikuwa zimekwisha hata siku moja. Zilijaa mitungi, zikajaa makopo ya kahawa, zikaingia mpaka kwenye droo ya soksi. Ukifungua kabati katika nyumba ile ulipiga chafya.

Ndiyo maana tangazo lilipobandikwa kwamba kituo cha tiba kwa farasi, kule chini karibu na mto, kinafundisha waongozaji na mwisho wake kitaajiri mmoja, Nereida alivua aproni akaenda kujiandikisha. Hakuwa na wazimu wa farasi. Alitaka kitu ambacho mama yake hakijui, kitu akifanye mwanzo mpaka mwisho bila kutumwa dukani.

"Farasi," alisema Bi Casilda. "Mtu amekulia kwenye sukari, leo anaenda kunusa mavi."

"Ni kazi, Mama. Wanapandishwa watoto waliopooza, na watu wazima pia. Mwendo wa farasi unauamsha mwili. Hata wewe, daktari alisema—"

"Daktari ameoa mwanamke asiyejua kupika. Ana akili gani ya kuniambia mimi?" Akanyoosha miguu. "Nenda. Kabla papai lililolowekwa halijatoka kwenye maji ya magadi utakuwa umerudi hapa."

Mtaa mzima uliambiwa hivyo hivyo. Ndipo Nereida akaapa kwamba lazima afaulu, hata kama ni kwa kutambaa.

Na kwa kweli alijifunza vizuri. Mwalimu Maigualida, mwanamke mwembamba kutoka Caracas aliyevaa buti safi kuliko sahani za watu wengine, alimsifu. Nereida alijua kupiga farasi brashi, kusafisha kwato, kukaza tandiko, kumshusha mgonjwa bila kumkwaruza. Farasi wao, Bachaco, aliyepewa jina la siafu wa kule kwa wekundu wake, alimpenda tangu siku ya kwanza, maana Nereida hata akioga mara tatu alinuka sukari guru. Alikuwa akimlamba shingo mbele za watu.

Tatizo lilikuwa moja. Uwanjani, mwongozaji hushika kamba na kumtembeza farasi katika duara, kwanza kwenda kulia, kisha mwalimu anasema, "Badilisha," na duara linageuka kwenda kushoto, ili pande zote mbili za mgonjwa zipate kazi. Kwenda kulia, Nereida alitembea kama malkia. Ikisemwa "badilisha," magoti yalimgomea, na akilini akaona sufuria nzima ikigeuka mchanga. Bachaco, aliyekuwa akisoma kila kitu kwenye kamba, alisimama kama gari lililoishiwa mafuta.

"Una shida ya goti?" aliuliza Mwalimu Maigualida.

"Ndiyo, mwalimu," alidanganya Nereida. Angesemaje? Kwamba anaogopa farasi ataganda?

Eleuterio, zimamoto mstaafu aliyekuwa akisoma naye, mwanaume mnene mwenye roho nzuri na mdomo usiofungika, alimbatiza jina. "Kona Moja! Njoo unywe kahawa, Kona Moja. Usiogope, jiko liko upande wa kulia."

Mtihani ukapangwa Jumatano ya Wiki Takatifu. Mwalimu alimvuta pembeni. "Nereida, wewe ndiye ninayekutaka hapa. Lakini asiyeweza kugeuza siwezi kumpa mgonjwa. Usipogeuza siku hiyo, nafasi ni ya Eleuterio."

Sasa, Wiki Takatifu pale Barinitas ni wiki ya sahani. Huyu anampelekea jirani papai la sukari guru, jirani anarudisha sahani na wali wa nazi, huyu naye anarudisha na vitumbua vya muhogo, na mpaka Pasaka mtaa mzima una kisukari na upendo. Sahani hairudi tupu. Hata mlevi wa mtaani anajua. Yeye hurudisha na embe aliloiba kwa huyo huyo mwenye sahani.

Jumatatu Bi Casilda, kwa adabu tu, wala si kwa mapenzi, alimtumia mwalimu sahani ya papai. Mwalimu Maigualida alilila lote akiwa amesimama, akafumba macho, akalamba kijiko. Kisha akaiosha sahani, akaipangusa ikang'aa, akampa Nereida airudishe.

Bi Casilda aliigeuza sahani ile juu na chini.

"Ameiosha," alisema.

"Ametoka Caracas, Mama. Hajui."

"Ameiosha akanirudishia kama mtu wa hoteli. Papai langu! Nitakwenda mwenyewe nimfundishe."

"Mama, Jumatano ni mtihani wangu."

"Vizuri. Nitamkuta."

Jumatano ikafika, na balaa likaanza asubuhi. Mtoto aliyekuwa apandishwe farasi kwa ajili ya mtihani hakuja. Wazazi wake, kama nusu ya nchi nzima, walikuwa wamejaza gari sufuria na mashemeji wakaenda kuoga mtoni. Mwalimu Maigualida alizunguka uwanja akipiga simu ambazo hazikupokelewa. Bila mgonjwa hakuna mtihani, na mwalimu alikuwa akiondoka kesho yake kwenda kwao mpaka mwezi ujao. Nereida alisimama na kamba mkononi, Bachaco akimlamba sikio. Mwezi mzima zaidi wa kusikia habari za maji ya magadi.

Hapo ndipo pikapu ya jirani iliposimama langoni na Bi Casilda akateremka, mkono mmoja mfukoni, sahani tupu kwapani.

"Ni nani hapa anayeosha sahani?" aliuliza.

Mwalimu alijitokeza. Akasomewa yote: maana ya sahani, maana ya Wiki Takatifu, maana ya kulelewa na mama mzazi. Eleuterio alijificha nyuma ya ndoo. Nereida alitamani farasi amkanyage. Lakini Mwalimu Maigualida, ambaye alikuwa amekwisha kuliona lile bega la kulia lililoshuka na ule mkono usiotoka mfukoni, alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekosa, bibi," alisema, akiipokea sahani. "Nitairudisha kama inavyostahili. Ila leo nina shida. Namtaka mtu wa kupanda farasi, na naona kila mtu hapa anaogopa."

"Nani anaogopa?"

"Sikusema wewe, bibi. Kwa umri wako ni haki yako kuogopa."

Nereida alifunga macho. Hakuna aliyewahi kumwambia mama yake maneno hayo akatoka salama.

"Mimi," alisema Bi Casilda, "nimezaliwa nyanda za chini. Baba yangu aliwaangusha fahali kwa kuwavuta mkia kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Leteni ngazi."

Walimpandisha kwenye jukwaa la mbao la kupandia, Eleuterio upande mmoja, msaidizi wa kituo upande wa pili. Kule juu ilibidi Bi Casilda ashike mpini wa tandiko, na mpini ulitaka mikono miwili. Akatazama huku na huku, kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni, akaubeba kwa mkono wa kushoto kama mtu anayebeba kitoto, akauweka juu ya singa za farasi, kando ya mpini. Nereida hakuwa ameuona mkono huo mwangani tangu mwaka jana. Ulikuwa umekonda. Akageuza uso haraka, akavuta kamba.

Wakaanza kwenda kulia.

"Huyu farasi ni mchafu."

"Nimempiga brashi asubuhi, Mama."

"Unatembea upesi mno. Taratibu, unafikiri unafukuzwa? Na hiyo kamba unaishika kama nguo za kuanika. Eleuterio, ondoa mkono hapo, hilo ni paja langu."

"Samahani, bibi. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mkeo anajua unachofundishwa?"

Nereida alipumua kwa pua. Kila neno lilimchoma, lakini ajabu, miguu yake ilikuwa imetulia. Ndivyo alivyokoroga maisha yake yote: yeye anazunguka kulia, mama anasema. Bachaco alitembea kwa utulivu, masikio yamelegea. Mwalimu alikuwa anatabasamu. Kisha akainua mkono.

"Badilisha."

Nereida akasimama. Farasi akasimama. Uwanja mzima ukasimama pamoja nao.

"Kuna nini?" aliuliza Bi Casilda.

"Hakuna kitu, Mama."

"Mbona tumesimama? Mwalimu amesema badilisha. Hata kiziwi amesikia."

"Amesema tugeuke kushoto." Nereida alisema huku akiitazama kamba. "Siwezi. Nimejaribu. Kila nikitaka kugeuka nakuona wewe jikoni na namwona shangazi na kashata zake. Miguu haiendi, Mama. Nitashindwa mtihani kwa sababu ya mwiko."

Eleuterio alifungua mdomo kusema utani, akaufunga. Hilo lilikuwa jambo la nadra.

Bi Casilda alitazama mkono wake uliolala juu ya singa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo mtaa wao haukuwahi kuisikia:

"Geuza."

"Mama?"

"Geuza, mwanangu. Haigandi." Akameza mate. "Mkono wangu wa kulia umekufa, unadhani namalizia papai kwa mguu? Nakoroga kwa kushoto. Na mkono wa kushoto, nimejaribu kwa machozi, hautaki kwenda kulia. Unakwenda unakotaka wenyewe. Mwaka mzima sasa. Nyumba nzima ya padri wamekula, mtaa umekula, wewe umekula ukalamba kijiko. Hakuna aliyejua."

Nereida aliinua macho. "Kumbe karafuu..."

"Sikutaka unione nageuza. Baada ya yote niliyomsema marehemu shangazi yako." Bi Casilda alipangusa pua kwa bega. "Haya, geuza kabla farasi hajalala. Watu wanatutazama."

Nereida alivuta kamba kwenda kushoto. Mguu wa kwanza ulikuwa mzito, wa pili ukafuata, na Bachaco akageuka naye kama aliyekuwa akisubiri ruhusa hiyo tangu mwezi wa kwanza wa mafunzo. Wakazunguka. Nereida alikuwa analia na kucheka, kamasi zinamtiririka, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi hakuweza kujifuta. Kule juu mama yake alinyamaza duara zima, jambo ambalo Eleuterio alilishuhudia na baadaye alikuwa tayari kuliapia.

"Kutoka hapa naona paa langu," Bi Casilda alisema mwishowe. "Linavuja pale nyuma. Napanda lini tena?"

Nereida alifaulu. Eleuterio ndiye aliyepiga makofi kwanza, na ndiye aliyeuliza kama sasa waanze kumwita Kona Mbili.

Jioni Mwalimu Maigualida aligonga mlango wa Bi Casilda akiwa na ile sahani. Juu yake kulikuwa na wali wa nazi aliopika mwenyewe, wa kwanza maishani mwake, chini umeungua, juu haujaiva. Bi Casilda alichukua kijiko kwa mkono wa kushoto, akatia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu.

"Umekoroga upande gani?"

"Pande zote, bibi. Nilichanganyikiwa."

Bi Casilda akameza kwa juhudi. "Unaliwa," alisema, na akaichukua sahani, kwa kuwa sasa ilikuwa zamu yake kuirudisha.

Alhamisi Kuu waliteleka sufuria kubwa. Nereida alikoroga tangu asubuhi, na papai lilipoanza kung'aa na shira kuwa nzito, alipangusa mikono bila hata kufikiri, akachukua pochi yake kwenye msumari.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mama yake.

"Dukani. Karafuu."

"Nyumba hii ina karafuu mpaka kwenye soksi. Kaa hapo."

Bi Casilda akanyanyuka kitini, akaupokea mwiko kwa mkono wa kushoto, na mlango ukabaki wazi.