Meno ya Mwalimu Mkuu

Darasa zima lilimwita Kufuli, kwa sababu tangu meno yake ya ukubwani yaote, mdomo wake ulifunguka kwa kula tu. Yalikuwa na madoa ya kahawia, kama kikombe cha chai kisichosuguliwa. Mama yake aliyasugua kwa mkaa, chumvi na limau mpaka fizi zikaomba poo. Wapi! Bwana afya alipopita, akasema tatizo ni kisima cha kijiji: maji yake yana madini ya floridi mengi mno, nayo huharibu meno ya mtoto yakiwa bado ndani ya fizi. Tangu siku hiyo kitinda mimba akawa anakunywa maji ya mvua. Kwa Kufuli walikuwa wameshachelewa.

Mama alitaka kitu kimoja tu: picha ya bintiye akicheka. Ukutani sebuleni alikuwa nazo saba, na zote kanuna utadhani anasubiri hukumu. Mama mwenyewe, mtoto wa kisima hicho hicho, alicheka kiganja kikiwa mdomoni.

Basi akaja mpiga picha, kupiga picha ya darasa.

"Haya wanangu, chekeni!"

Midomo arobaini na mmoja ikabanwa. Aliyecheka ni mwalimu mkuu peke yake, aliyekuzwa na maji ya mto, mbali huko. Akagawa meno meupe pee, na mwanya katikati. Kufuli alijaribu, kwa ajili ya mama. Midomo ikagoma.

Huruma ikamponza mpiga picha. Alikwenda kwenye kompyuta yake, akaukata mdomo wa mwalimu mkuu, akambandika kila mtoto. Baada ya wiki akairudisha picha darasani kwa mbwembwe, kamera shingoni.

Watoto arobaini na mmoja, mwanya mmoja! Na kwa kuwa alikata kwa haraka, kila mmoja alipata na masharubu kidogo ya mwalimu.

"Mwalimu," sauti ikauliza kutoka nyuma, "hawa wote ni wako?"

Mwalimu mkuu akaushika mdomo wake kuhakikisha bado upo.

Kufuli akajitafuta pichani. Akajiona, ana masharubu. Cheko likampanda, akalimeza, likarudi na wenzake. Akaangua kicheko mdomo wazi mpaka magego, machozi yanamtoka, mkono umesahaulika mezani. Mpiga picha hakungoja kuambiwa. Alibonyeza.

Picha hiyo ilipofika nyumbani, mama aliitazama mpaka Kufuli akaanza kujuta.

"Meno yanaonekana, mama."

"Nayaona." Mama alikuwa anamenya viazi, akaacha. "Kumbe unacheka kama bibi yako! Na mimi nilikuwa nasubiri kuona kicheko chako ni cha nani."

Akacheka naye, na kiganja kikaanza safari yake ya kila siku kwenda mdomoni. Kufuli akakidaka njiani.

"Mkono, mama."