Penseli Nene

Binti yangu tulimpa jina la Kasuku kwa sababu tangu aanze kusema hakuwahi kufunga mdomo. Akiwa na miaka minne alikuwa ananisimulia ndoto yake ya jana tangu napiga mswaki mpaka nafungua karakana, na sijui ni ndoto gani hiyo ndefu kuliko usiku wenyewe. Sasa ana miaka kumi na mitano na amenyamaza. Ukimuuliza, "Shule vipi?" anajibu, "Nzuri." "Umekula?" "Nimekula." Kisha anaingia chumbani kwake na mlango unafungwa taratibu, na hapo ndipo anaponikera zaidi, maana angeubamiza ningepata la kusema.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu ni kibaraza cha mbele ya nyumba: sponji huku, vitambaa kule, na mimi katikati napiga soga na kila anayepita. Wateja wanasema ninaweza kumchekesha hata aliyetoka kuibiwa. Kwa hiyo kushindwa kuongea na mtoto wangu wa kumzaa kuliniuma, siwafichi. Na muda ulikuwa unayoyoma. Muhula ujao alitakiwa kwenda shule ya bweni, mbali, na fomu ya mzazi kutia saini ilikuwa imelala chini ya boksi langu la misumari wiki ya pili sasa. Kila akiulizia namwambia, "Nitaisaini nikipata nafasi." Uongo mtupu. Niliogopa. Akiondoka akiwa kimya hivi, nilijisemea, basi tena, mtoto nimempoteza.

Mchana mmoja nimeingia ndani kula, nikakuta kitabu chake mezani, kile alichokuwa anajifungia nacho. Nikakifungua nione kina utamu gani. Kumbe ni hadithi ya msichana anayekua, analelewa na baba yake, fundi saa. Ukurasa wa nane, pembeni kabisa, kuna maneno ya penseli, mwandiko mwembamba wa kupendeza: "Baba huyu anacheka na wateja wote. Nyumbani ananuna."

Ala! Nikarudisha tonge kwenye sahani. Mimi nanuna? Mimi? Nikachomoa penseli yangu sikioni, ile bapa nene ya kupimia mbao, nikaandika chini yake: "Wateja hawamfungii mlango." Nikarudisha kitabu pale pale, nikarudi kibarazani najiona nimemkomesha.

Kesho yake kitabu kikawa mezani tena. Mimi si msomaji wa kukimbia, kurasa kumi kwa mlo mmoja zinanitosha. Mbele kidogo nikakutana na mwandiko ule ule: "Mlango ukifungwa si hasira. Ni mlango tu."

Nikasema, haya, amenijibu. Moyo ulinidunda kama wa kijana aliyepata barua. Nilikaa na sentensi ile mpaka sahani ikapoa. Jioni alipofunga mlango wake sikugonga, sikuita, sikusema "humo ndani kuna nini?" Nilipita zangu. Mke wangu akanitazama juu mpaka chini. "Wewe leo umepatwa na nini?"

"Ni mlango tu," nikamwambia.

Tukaendelea hivyo, wiki tatu. Anaandika, najibu. Aliandika, "Kwa nini haulizi? Anaamuru tu." Nikajibu, "Hata yeye hakuwahi kuulizwa. Ila atajaribu." Na nikajaribu kweli. Mezani nikamuuliza Kasuku kama angependa kochi la sebuleni nilivalishe kitambaa cha bluu au cha kijani. Akashusha kijiko. "Baba, unaumwa?" Lakini akachagua kijani, na akaeleza kwa nini, sentensi tatu nzima! Mimi nilizihesabu.

Halafu nikafika mahali yule fundi saa anapokea barua ya binti yake kuitwa shule ya mbali. Anaificha kwenye mtoto wa meza. Nilipandwa na hasira, nikagonga meza. "Mpumbavu mkubwa wee! Unamzibia mtoto wako riziki?" Nikamtukana mpaka nikaishiwa. Ndipo jicho langu likapita dirishani, kibarazani, likatua juu ya boksi la misumari. Nyani haoni kundule.

Na pembeni mwa ukurasa ule mwandiko mwembamba ulikuwa unauliza: "Anampenda, au anampenda akiwa mdogo tu?"

Sikumaliza kula siku ile. Nilishika penseli, nikaandika polepole: "Anampenda. Kumpenda mdogo alikujua. Kumpenda mkubwa ndiko anakojifunza, na anaogopa kuchelewa." Nikaenda kibarazani, nikaitoa fomu, nikapangusa vumbi la sponji, nikaisaini. Nikaiweka ndani ya kitabu, ukurasa ule ule.

Asubuhi alinitengenezea chai bila kuombwa.

Siku mbili baadaye akarudi uso umemshuka. "Baba, nimerudisha kitabu, mwalimu wa maktaba anakuita." Tukaenda wote. Mwalimu ni mama mtu mzima, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Akakifungua kitabu mbele yangu na kuweka kidole juu ya maandishi yangu.

"Mzee, haya ni ya nani?"

"Yangu," nikasema. "Lakini mwalimu, naomba usimwadhibu mtoto kwa haya yake. Mimi ndiye niliyemchochea."

"Yapi yake?"

"Haya membamba."

Mwalimu akavaa miwani, akanitazama, akaivua. "Haya niliyakuta hapa miaka kumi na moja iliyopita. Aliyeyaandika, sasa hivi labda ana watoto. Siyafuti kwa sababu wasichana wanayapenda. Ila haya yako meusi kama mkaa yamefunika mpaka hadithi yenyewe."

Nikamgeukia Kasuku. "Siyo wewe?"

"Mimi? Niandike kwenye kitabu cha shule?"

Jamani, aibu ina joto. Wiki tatu nzima nimeungama kwa mtu nisiyemjua! Mwalimu akanipa kifutio kama mtoto wa darasa la pili, akanionyesha kiti. Nikakaa, nikaanza kufuta, sithubutu kuinua macho. Nilidhani nimeongea naye, kumbe nilikuwa napiga soga na ukuta.

Kasuku akavuta kiti, akakaa kando yangu. Alikuwa ananifungulia kurasa, na nikagundua kwamba hatafuti, anazijua zote.

"Ulikuwa unasoma majibu yangu?"

"Tangu lile la kwanza. Penseli nene kama kidole, angekuwa nani mwingine?"

"Nilidhani naongea na wewe."

"Najua," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha." Akapuliza mabaki ya kifutio. "Kitabu nilikimaliza wiki ya kwanza, baba. Nilikuwa nakuachia tu mezani."

Nikafuta, nikafuta, mpaka tukafika ukurasa wa barua iliyofichwa. Nikashusha kifutio nifute. Akaweka kiganja chake juu ya maandishi yangu.

"Hili hapana."

"Sheria ni sheria, Kasuku."

Akamtazama mwalimu. Mwalimu akatutazama sote wawili, akageukia rafu zake na kuanza kupanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Ukurasa huo mimi sijauona," akasema.

Tukatoka. Tulipofika getini Kasuku akauliza kama nilidhani yule fundi saa angempeleka binti yake kituoni mwenyewe. Nikasema angempeleka, na mizigo angembebea. Akasema yeye anaona angelia njiani. Nikasema fundi halii, akasema analia, tena mbele ya watu, na akanieleza kwa nini. Kisha akahamia bweni, na vitanda vya juu, na rafiki yake anayeota kwa sauti, na kwa nini kijani kinalifaa kochi letu. Kutoka getini mpaka nyumbani nilitafuta nafasi ya kuchomeka neno moja, sikuipata.

"Kasuku," nikamwambia mlangoni, "hebu nyamaza kidogo masikio yapumzike."

Hakunyamaza.